Mshika Ufunguo wa Bustani: Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba ujenzi ndani ya Uhuru Park uzuiwe. Kampuni ya gazeti la Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU, ilikusudia kusimamisha hapo jengo la ghorofa 60, na pamoja nalo sanamu ya Rais Daniel arap Moi. Mahakama haikushughulika na swali la kama bustani ya umma yaweza kugeuzwa kiwanja cha biashara. Ilishughulika na mlalamishi: yeye ni nani hata ashtaki? Kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi kuliko mwananchi mwingine yeyote, kesi yake ikatupwa. Jengo halikujengwa hata hivyo, kwa sababu barua zake na malalamiko ya watu yaliwafikia wafadhili wa nje, nao wakajitoa. Bustani ilinusurika, lakini aliyeinusuru hakuwa hakimu.

Msomaji anayeingia katika somo hili kwa mara ya kwanza, ningependa aanze kwa kuitafakari kesi hiyo, kwa kuwa maswali yetu makubwa yote yamo ndani yake. Ardhi ya bustani imeshikwa na nani, na kwa niaba ya nani? Nani ana mamlaka ya kutoa ruhusa, na ruhusa ya nini? Na ruhusa ikishatolewa vibaya, nani ana haki ya kuuliza? Wanasheria huyasoma maswali haya kwa njia yao, wapangaji miji kwa njia yao, wanahistoria wa siasa kwa njia yao, na mara nyingi hawasomani. Utangulizi huu umeandikwa ili wakutane, na ili mwanafunzi asiye wa fani yoyote kati ya hizo naye apate pa kukaa.

Nianze kwa kuweka mipaka, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea. Hatuzungumzii hifadhi za wanyama. Mbuga ya Nairobi, pamoja na kwamba imepakana na jiji, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Msitu wa Karura na bustani ya miti ya Arboretum, ambako wakazi wa jiji huenda kutembea na kukimbia, viko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Hayo ni mashirika ya taifa, yenye sheria zake na malango yake. Sisi tunashughulika na bustani na viwanja vya wazi vilivyo mikononi mwa serikali iliyo karibu zaidi na mkazi: kaunti nchini Kenya, halmashauri ya jiji, manispaa au mji nchini Tanzania, baraza la mtaa nchini Uingereza, manispaa au mamlaka ya bustani nchini Marekani. Nitatumia neno halmashauri kwa zote, pasipokuwa na sababu ya kutofautisha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazitaja waziwazi bustani za kaunti, fukwe na mahali pa burudani kuwa kazi ya kaunti. Ni mstari mfupi, ila uzito wake ni mkubwa, kwa sababu tangu hapo swali la nani anasimamia bustani ya mjini lina pa kuanzia.

Hata hivyo kusimamia si kumiliki, na msimamo wangu katika taaluma hii unasimama juu ya tofauti hiyo. Nashikilia kwamba kila kibali ambacho halmashauri inatoa au inanyima, hata cha harusi ya alasiri moja, kinaonyesha halmashauri inajiona nani mbele ya ardhi ile. Ikijiona mmiliki, itauliza: tutapata nini? Ikijiona msimamizi wa amana, itauliza: wenyewe watabaki na nini? Kwa hiyo sikubaliani na desturi ya kuyatenga masomo mawili, moja la unyakuzi wa ardhi ya umma na jingine la utoaji wa vibali vya shughuli za kila siku. Mambo hayo mawili hutendwa na ofisi zilezile, na tabia ya ofisi huonekana katika yote mawili.

Msomaji wa pwani ana faida hapa. Anaijua wakfu. Anajua kwamba mtu akishaweka nyumba wakfu, msimamizi wake aweza kuipangisha, kuitengeneza na kugawa mapato kama alivyoagiza mweka wakfu, lakini hawezi kuiuza kama mali yake mwenyewe. Mombasa na Unguja zina kamisheni za kusimamia mali za namna hiyo tangu zama za ukoloni. Wazo la bustani ya umma kuwa amana liko jirani sana na hilo, ingawa limetokea katika sheria tofauti. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Nchini Kenya, Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi ya umma iliyo ya kaunti imeshikwa na serikali ya kaunti kwa amana ya wakazi wake, na Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inayoitawala kwa niaba yao. Maneno hayo yamo katika sheria zetu tayari. Kinachotofautiana ni kama afisa anayetia sahihi kibali anayakumbuka.

Sheria ya Maeneo ya Wazi ya Uingereza ya mwaka 1906 ililiweka wazo hilo kwa uwazi wa kupendeza: baraza linaloshika eneo la wazi chini ya sheria hiyo linalishika kwa amana, ili umma ulifurahie. Watu wengi waliidhani kauli hiyo kuwa pambo, mpaka ikatokea kesi ya Shrewsbury. Mwaka 2017 baraza la mji huo liliuza kipande cha kiwanja cha michezo cha Greenfields kwa mjenzi wa nyumba. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972 ilitaka baraza, kabla ya kuuza eneo la wazi, litangaze kusudio lake katika gazeti la mahali pale kwa wiki mbili mfululizo na kuzisikiliza pingamizi. Baraza halikutangaza. Halikujua hata kwamba kipande kile kilikuwa chini ya amana. Mjenzi akapata kibali cha ujenzi, na mkazi mmoja akaenda mahakamani. Mwezi Machi 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba haki za umma katika ardhi ile hazikufutika kwa sababu tu ya mauzo yale. Tangazo ambalo halikutolewa lilikuwa ndiyo njia pekee ya kuzifuta. Kibali cha ujenzi kikabatilishwa.

Ninawaomba wanafunzi waisome hukumu hiyo kwa makini, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo kwetu husahaulika: utaratibu mdogo, tangazo la gazetini, ndio uliobeba haki kubwa. Asiyetangaza hajaruka hatua ya makaratasi tu. Amewanyima wenye mali nafasi ya kusema neno kabla mali haijaondoka.

Amana nyingine huanza kwa zawadi, na zawadi ina masharti yake. Jeevanjee Gardens, katikati ya Nairobi, ilitolewa kwa umma mwaka 1906 na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyesimamisha hapo sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 ulipokuja mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, Wangari Maathai akiwa miongoni mwa waliomuunga mkono, na mpango ukafa. Katika kampeni ile, kumbukumbu ya zawadi ilifanya kazi kubwa: watu walijua nani aliitoa na aliwatolea nani.

Lakini sharti la mtoaji laweza pia kuwa sumu. Katika mji wa Macon, jimbo la Georgia, Seneta Augustus Bacon aliuachia mji bustani kwa wasia akiagiza itumiwe na watu weupe pekee. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema bustani ya namna hiyo haiwezi kuendeshwa kwa ubaguzi. Mwaka 1970 mahakama hiyohiyo ilikubali matokeo ambayo bado yananiuma kila ninapoyafundisha: kwa kuwa sharti la Bacon lilishindikana, ardhi ilirudi kwa warithi wake, na mji ukaikosa kabisa. Wazungu na Waafrika wa Macon walipoteza bustani siku moja. Anayepokea ardhi kwa niaba ya umma ana wajibu wa kusoma wasia kabla ya kupiga makofi.

Sasa tuingie ndani ya lango. Bustani ya umma inayojengwa na kutunzwa kwa kodi ya mji si kitu cha kale sana. Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ilifungua yake mwaka 1847, na mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka 1875 Sheria ya Afya ya Umma ya Uingereza ikayaruhusu mabaraza ya miji kununua na kutunza bustani na kutunga sheria ndogo za kuziongoza. Ona zilivyozaliwa: bustani ni afya, na sheria ndogo ni pacha wake. Makoloni ya Afrika Mashariki yaliurithi mfumo huo pamoja na msamiati wake, na baadhi ya yale yaliyokatazwa zamani yanakatazwa mpaka leo kwa maneno yaleyale: kuchuma maua, kuosha nguo, kulala juu ya viti, kuuza bidhaa bila leseni, kuhutubia bila ruhusa.

Sheria ndogo hutungwa vipi? Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi kusudio lake na ipokee pingamizi. Kisha rasimu inapelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, na mwisho inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Nchini Kenya, baada ya mabaraza ya zamani kufutwa na kaunti kuanza mwaka 2013, kazi ya kutunga ilihamia kwa mabunge ya kaunti. Sitakaa sana hapa, kwa sababu hatua hizo zinasomeka katika sheria zenyewe. Neno moja tu la tahadhari: sheria ndogo haiwezi kuvuka sheria mama. Mgambo anayemfukuza mtu kwenye nyasi kwa amri ambayo haimo katika sheria ndogo yoyote iliyochapishwa hana sheria mkononi, ana rungu tu.

Na sheria ndogo iliyotungwa kwa kufuata hatua zote nayo hupimwa. Kipimo cha kale kinatoka katika kesi ya Kruse dhidi ya Johnson ya mwaka 1898. Kaunti ya Kent ilikuwa imekataza mtu kuimba au kupiga ala mahali pa umma ndani ya yadi 50 za nyumba ya kuishi akishaombwa aache. Mtu mmoja akaimba wimbo wa dini, akaombwa, hakuacha. Mahakama iliitetea sheria ndogo ile, ikisema majaji wasiwe wepesi wa kufuta kanuni za mabaraza yaliyochaguliwa na watu. Lakini iliacha mlango: kanuni inayowabana watu wa tabaka moja na kuwaacha wa tabaka jingine, isiyo ya haki waziwazi, iliyotungwa kwa nia mbaya, au yenye uonevu usio na sababu, hiyo haitasimama.

Hicho kipengele cha kwanza ndicho ninachotaka msomaji akibebe anapotembea bustanini mwetu. Chukua kanuni inayokataza kulala kwenye viti. Kwa maandishi inamhusu kila mtu. Kwa vitendo inamhusu kibarua aliyekuja mjini alfajiri kutafuta kazi akaikosa, mwenye nyumba mbali na asiye na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili. Chukua inayokataza biashara. Inamhusu mama wa karanga na mpiga picha wa bustanini, aliyekuwapo kabla ya simu zenye kamera na ambaye ameziweka sikukuu za familia nyingi katika albamu zao. Nairobi watu humwita askari wa kaunti kanjo, na jina hilo hutajwa kwa hofu zaidi na wachuuzi kuliko na watu wa maofisini waliokuja kula chakula cha mchana chini ya mti. Sisemi wachuuzi waachiwe kila pembe. Forodhani, Unguja, bustani ilipofanyiwa ukarabati na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza vyakula vya jioni walipangiwa sehemu yao badala ya kufutwa, na pahala pale pangekuwa mahali pengine kabisa bila wao. Kanuni nzuri huanza kwa kuwahesabu waliopo.

Kibali ni hatua nyingine. Sheria ndogo inasema na wote. Kibali kinasema na mmoja, na hapo ndipo uhuru wa afisa unapoonekana uchi. Kesi ninayopenda kuanzia nayo ni ndogo kwa kila hali. Mwaka 1949, katika mji wa Havre de Grace, Maryland, Mashahidi wa Yehova waliomba kutumia bustani ya mji kwa hotuba za Biblia. Hakukuwa na sheria yoyote iliyohitaji kibali. Ilikuwa desturi tu kumwomba kamishna wa bustani. Walinyimwa. Walipokata rufaa kwa baraza la mji, madiwani hawakuuliza watakuwa wangapi, watakaa saa ngapi au nani atafagia. Waliuliza kwa nini hawasalimu bendera na wana maoni gani juu ya dini za wengine. Wakanyimwa tena, wakahutubia, wakakamatwa. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwafutia hatia. Hakukuwa na vigezo, ilisema. Kulikuwa na chuki ya madiwani peke yake.

Iweke kesi hiyo kando ya ile ya Chicago ya mwaka 2002. Mamlaka ya bustani ya jiji hilo ilitaka kibali kwa mikusanyiko ya watu zaidi ya 50. Waliolalamika walikuwa wapigania uhalalishaji wa bangi, waliopewa baadhi ya vibali na kunyimwa vingine. Walishindwa, na sababu za kushindwa kwao ni darasa zuri. Ombi lilipaswa kujibiwa ndani ya siku 14, muda unaoweza kuongezwa kwa siku 14 nyingine kwa taarifa ya maandishi. Sababu za kunyima zilikuwa 13, zimeorodheshwa, na hakuna iliyohusu maudhui ya hotuba: eneo limeshachukuliwa na mwingine, mwombaji aliharibu mali mara ya mwisho na hajalipa, na kadhalika. Kukataa kulihitaji maelezo kwa maandishi, na palikuwa na rufaa. Mtu anaweza kuwa na shaka na mfumo huo, lakini anajua amenyimwa na nani, kwa nini, na aende wapi.

Ukitaka kupima halmashauri yoyote ya kwetu, anzia hapo. Je, fomu ya maombi ipo? Ada yake imeandikwa ubaoni au inajulikana kwa mwenye dawati pekee? Jibu lina siku ngapi? Nani ameandika sababu?

Kwa mikutano ya siasa, Kenya ina jambo la kutatiza ambalo nadhani ndilo uwanja bora kwa mtafiti kijana. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma haiombi kibali. Inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, kwa mkutano utakaofanyika kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Naye polisi anaweza kuuzuia ikiwa mtu mwingine ametangulia kutoa taarifa ya mahali na saa zilezile. Hilo ni lango la kwanza. La pili ni la kaunti, yenye bustani, ratiba na ada. Mwananchi mwenye haki ya kikatiba ya kukusanyika aweza kulipita lango la polisi na akakwama kwenye la bustani, kwa jibu kwamba nyasi zinapumzishwa. Huenda nyasi kweli zinapumzishwa. Ndiyo maana rekodi ni muhimu: anayetaka kujua ukweli atazame nani alikubaliwa wiki ileile.

Tanzania ilipita njia yake. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama Kuu mwaka 1994 ilitamka kuwa sharti la kupata kibali kabla ya mkutano wa hadhara lilikiuka Katiba, na sheria ikabadilika kuwa ya kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Hata hivyo mikutano ya vyama ilikuja kuzuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa katazo hilo. Viwanja vya Jangwani na Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, vimeshuhudia pande zote mbili za historia hiyo. Mnazi Mmoja wenyewe, ambao leo una mnara wa Mwenge wa Uhuru, ulianza kama ukanda wa wazi ambao wakoloni waliuacha ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mji wa Wahindi na Wazungu. Uwanja uliokusudiwa kutenganisha watu ukawa mahali pa kukusanyika. Ramani haiamui kila kitu.

Uhuru Park nayo, tangu Mzee Jomo Kenyatta alipoifungua mwaka 1969, imekusanya mambo ambayo hakuna fomu ingeweza kuyatabiri. Papa Yohane Paulo wa Pili aliongoza misa hapo mwaka 1985. Mwezi Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika pembe ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner, na siku chache baadaye polisi wakawatawanya kwa virungu na mabomu ya machozi. Wakahamia kanisa la All Saints. Hawakuwa na kibali. Mwanafunzi akiniuliza kama walivunja sheria, namwomba kwanza aeleze bustani ile ilikuwa ya nani.

Kisha kuna fedha na kufuli, sura ambayo sasa inakua haraka kuliko nyingine zote. Halmashauri zina uhaba wa fedha, na matamasha yana fedha. Uingereza ilishaweka mpaka tangu mwaka 1890: baraza laweza kuifunga bustani kwa umma siku zisizozidi 12 kwa mwaka. Kumbe kulikuwa na njia ya pembeni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubali hoja ya baraza la Haringey, London, kwamba kwa tamasha katika Finsbury Park lingeweza kutumia kifungu kingine, cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, kisicho na kikomo hicho cha siku. Lakini mwezi Mei 2025 baraza la Lambeth lilishindwa mahakamani kuhusu matamasha ya Brockwell Park: ruhusa iliyotegemewa ilikuwa ya siku 28 kwa mwaka, na ukijumlisha siku za kusimamisha na kubomoa majukwaa na uzio, matumizi yalipita hapo. Waandaaji huhesabu usiku wa muziki. Mkazi anayezunguka uzio wa mabati na mtoto mkononi huhesabu siku zote. Mahakama ilihesabu kama mkazi.

Nairobi, kufuli lilikuja kwa jina la ukarabati. Uhuru Park ilifungwa mwaka 2021 na Idara ya Huduma za Jiji, chombo cha serikali ya taifa kilichokuwa kimekabidhiwa kazi kadhaa za kaunti, na ikakaa imefungwa kwa zaidi ya mwaka. Sina ugomvi na ukarabati. Ziwa lilihitaji kusafishwa na njia zilihitaji kutengenezwa. Ninachoona kimekosekana katika mijadala yetu ni kanuni rahisi kama ile ya 1890, inayosema bustani yaweza kufungwa kwa muda gani, kwa tangazo la namna gani, na nani anapaswa kueleza ukipita. Ufunguo ulihama kutoka kaunti kwenda chombo cha taifa, na mkazi hakuwa na sheria ya kushika mkononi inayomwambia lini utarudi.

Ulinzi wa ziada upo. City Park ya Nairobi, makao ya kima na ya makaburi ya wanasiasa Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi, ilikuwa imemegwa kwa miaka mingi kabla ya kutangazwa mwaka 2009 kuwa urithi wa taifa chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006. Tangazo hilo linaongeza mlinzi wa pili juu ya kaunti. Walinzi wawili huweza pia kutupiana kazi, na mtafiti afuatilie ni nani hasa huitwa mti unapokatwa.

Turudi kwa aliyeambiwa hana haki ya kushtaki. Tarehe 27 Agosti 2010, Rais Mwai Kibaki aliitangaza Katiba mpya ya Kenya mbele ya umati, ndani ya Uhuru Park. Ibara ya 70 ya Katiba hiyo inasema anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi na yenye afya halazimiki kuonyesha kwamba mtu yeyote amepata hasara au kuumia. Hoja iliyomtoa Wangari Maathai mahakamani mwaka 1989 ilifungwa kwa maandishi, juu ya nyasi zilezile alizozitetea. Aliishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka uliofuata.

Haki ya kushtaki bila karatasi ni haki yenye njaa, kwa hiyo namalizia kwa kazi ya mikono. Chagua bustani moja iliyo karibu nawe, hata ikiwa ni uwanja wa wazi wa mtaa wenye magoli mawili ya miti. Tafuta ramani ya upimaji na uone mipaka yake ilipochorwa kwanza. Tafuta hati au tangazo la gazeti rasmi linalosema ardhi imetengwa kwa ajili gani. Tafuta sheria ndogo inayotumika, na uhakikishe ilichapishwa. Mwisho omba daftari la vibali la miaka kadhaa. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Ya Kenya inampa afisa siku 21 za kujibu, ya Tanzania siku 30. Andika barua, iwekwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala. Ukipewa daftari, usianze na waliokubaliwa. Tafuta walionyimwa, na ikiwa hawakuandikwa, waulize makarani barua zao za maombi huwekwa kabati gani.